Mtoto wa Ndugu na Tiketi ya Askari

Maswali ambayo mwalimu wa lugha huletewa na waliokuwa wanafunzi wake aghalabu ni mepesi. Huyu ataka methali ya kutia katika hotuba ya arusi. Yule abishana na mwenzake juu ya wingi wa neno fulani, na wameweka dau la soda. Lakini mwaka jana tuliletewa swali ambalo hatukulitegemea, na ambalo jibu letu la kwanza, twakiri mbele ya wenzetu, halikuwa jibu jema. Twalieleza hapa kwa kuwa twaliona kuwa swali la msamiati na la maadili kwa pamoja, na kwa kuwa wanafunzi wetu wa nchi hizi wametawanyika ulimwenguni, hata mwalimu asiyepata kuulizwa mfano wake huenda akaulizwa kesho.

Aliyetuuliza ni kijana tuliyemfundisha Kiswahili katika shule ya sekondari iliyo jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Asili yake ni Kivu. Alipomaliza masomo alihamia Marekani pamoja na mama yake na dada yake, na baada ya miaka michache akaingia katika jeshi la nchi kavu la huko. Wasishangae wenzetu, mgeni mwenye kibali cha kudumu cha ukaazi huruhusiwa kuandikishwa. Tena, kati ya mwaka 2009 na 2016 jeshi hilo lilikuwa na mpango wa kuwachukua hata baadhi ya wageni wasio na kibali hicho, maadam wajua mojawapo ya lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha. Sisi tunaoambiwa kila mwaka na wazazi kwamba somo letu halimpi mtoto mkate twaweza kulitaja jambo hilo, ingawa si mkate ambao tungependa kuwatangazia watoto.

Basi kijana huyo aliandika kwamba familia yao imekusudia kufanya safari ya kwenda Florida wakati wa likizo ya kiangazi, wote 13 kwa pamoja, kuitembelea Walt Disney World iliyo karibu na mji wa Orlando. Msomaji ambaye hajapata kusikia habari za mahali hapo asidhani ni bustani ya maua. Ni eneo lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 100, lililofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na ndani yake mna bustani kubwa nne za michezo na maonyesho, mahoteli, maziwa na barabara zake lenyewe. Kila bustani yataka siku nzima. Na kila siku yataka fedha, kwa kuwa tiketi ya siku moja, kwa mtu mmoja, siku hizi imepita dola 100. Mwenye watoto wawili hufikiri mara mbili kabla ya kwenda. Wenye kwenda 13 huanza kufikiri mwaka mmoja kabla.

Hapo ndipo vazi la askari linapoingia katika habari hii. Tangu mwaka 2009 kampuni inayomiliki bustani hizo imekuwa ikiwauzia wanajeshi wa Marekani, walio kazini na waliostaafu rasmi, tiketi maalumu za siku kadhaa kwa bei iliyopunguzwa sana, mara nyingi karibu nusu ya ile wanayolipa raia. Hununuliwa katika ofisi ya tiketi kambini, na langoni mwenye kitambulisho, yeye au mkewe, huwa pamoja na wageni wake. Haziuzwi tena kwa mtu mwingine. Na zina kikomo, nacho ni tiketi sita kwa kila mwanajeshi. Hizo sita aweza kuwagawia jamaa au marafiki apendavyo, bora yeye au mkewe awe mmoja wao. Wakipita sita, kampuni imepata kukubali kuongeza, lakini kwa sharti moja: waliozidi wawe ni watu wa familia yake ya karibu kabisa, ile ambayo Wazungu huifikiria wanapotamka neno familia, yaani mume, mke na watoto wao.

Sasa tuwahesabu watu wa kijana wetu. Yeye na mkewe ni wawili, na watoto wao ni watatu. Nyumbani kwake wanaishi pia watoto wawili wa kaka yake aliyefariki. Dada yake ana mume na watoto wawili. Kisha kuna mama yake mzazi, na mama mkwe wake. Ndio hao 13. Swali alilotuletea lilikuwa fupi kuliko habari zote hizi. Ofisini kambini ataulizwa ana watoto wangapi. Je, akisema saba, atakuwa amesema uongo?

Sisi tulijibu siku ile ile, tena kwa furaha. Tulimwandikia kwamba Mwafrika hana mtoto wa ndugu, ana mtoto tu. Kwamba maneno mpwa na binamu ni ya vitabuni. Kwamba yeye akisema hawa wote saba ni wanangu atakuwa amesema kweli safi ya Kiswahili, na kama kweli hiyo haimo katika Kiingereza, kosa ni la Kiingereza. Tulilipenda jibu hilo. Tulilisoma tena kabla ya kulipeleka, na pengine tuliona kwamba lingefaa kuwa mada ya mjadala wa darasa la nne.

Usiku usingizi ulipotupungukia tulianza kuliona lilivyo.

Kwanza lilikuwa na kosa la lugha, na kwa mwalimu wa lugha hiyo ni aibu ya kutosha. Si kweli kwamba Kiswahili hakiweki mpaka kati ya mtoto wa mtu na mtoto wa nduguye. Kwa mwanamume, mtoto wa kaka yake ni mtoto wake, naye huitwa na mtoto huyo baba mkubwa au baba mdogo kwa kadiri ya umri. Lakini mtoto wa dada yake ni mpwa, na huyo humwita mjomba. Neno mpwa si la vitabuni hata kidogo. Waulizeni watu wa pwani mjomba ana haki gani na wajibu gani, mtaketi mpaka jioni. Basi lugha yetu ina ua kama lugha nyingine. Imeujenga mahali pengine tu. Kiingereza huwaweka mtoto wa kaka na mtoto wa dada katika chumba kimoja, nje ya mlango wa mzazi. Kiswahili humwingiza mmoja ndani na kumwacha mwingine barazani, kwa heshima zote. Kwa hiyo kwa mizani ya Kiswahili chenyewe kijana yule alikuwa na watoto watano, si saba. Sisi tulimpa saba kwa sababu tulitaka kusikika tuna moyo mpana.

Tena hata neno familia tunalolibeza kuwa dogo halikuzaliwa dogo. Katika Kilatini cha kale lilikuwa na maana ya watu wote walio chini ya mamlaka ya mwenye nyumba, watumwa wakiwamo. Halikuwa neno la damu bali la paa. Karne nyingi zimelipunguza hadi likabaki na baba, mama na vitoto viwili katika picha ya ukutani. Nasi tuna jamaa, neno tulilolipata kwa Waarabu likiwa na maana ya kundi. Tuna ukoo, tuna mlango, tuna kaya. Kila moja hukata kipande chake. Asemaye kwamba Mwafrika ana familia kubwa na Mzungu ana ndogo amesema jambo la kweli kiasi, lakini hajasema bado ni neno gani alilopimia.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Tulimshauri mtu aseme kwa Kiingereza jambo ambalo ni kweli kwa Kiswahili tu, mbele ya msikilizaji ambaye tulijua kwamba atalisikia kwa maana nyingine, na ambaye kutokana na maana hiyo nyingine atatoa tiketi. Je, huo ni uongo au si uongo?

Wako watakaosema si uongo, maana kila mtu ana haki ya kusema kwa maana ya kwao. Hoja hiyo ina nguvu zake, na hatutaki kuipuuza. Watu wetu wameteseka vya kutosha mbele ya meza za karani, wakilazimishwa kujibu maswali yaliyoulizwa kwa maneno ya watu wengine. Mkimbizi huulizwa ana watoto wangapi na wapi cheti cha kila mmoja, na yule mtoto aliyeokotwa njiani akalelewa miaka sita hana cheti, basi kwa mujibu wa karatasi hayupo. Anayekataa neno la karani mahali kama hapo hufanya hivyo kumwokoa mtu. Sisi tuliofundisha Nakivale tumeona fomu za namna hiyo, na hatukumlaumu aliyejaza kwa moyo wake.

Lakini tiketi ya kupanda farasi wa mbao si sahani ya chakula wala si kibali cha kuishi. Na hapo twaona tofauti. Neno hupimwa kwa sikio la anayeambiwa. Mimi nikijua kwamba wewe usikiapo "mtoto" waelewa niliyemzaa au niliyempata kwa hati, kisha nikalitumia neno hilo makusudi ili uelewe hivyo, nami nikabaki na maana yangu mfukoni kama kinga, nimekudanganya kwa neno la kweli. Wafasiri hulijua jambo hili kuliko watu wote. Hakuna mfasiri mwaminifu ambaye angeandika "watoto saba" katika karatasi ile bila ya kutia maelezo pembeni. Na kama maelezo yangetiwa, tiketi zisingetoka. Basi tiketi zingetoka kwa sababu ya kutokuwapo kwa maelezo, na hilo ndilo jina kamili la udanganyifu.

Twajua pia jinsi jambo hili lilivyo la kawaida, hata ikawa kulisema hivi kwaonekana kama ukali wa kihubiri. Katika bustani zile mtoto wa chini ya miaka mitatu huingia bure, na inasemekana kwamba watoto wengi wa miaka mitatu hurudi kuwa wa miwili wanapofika langoni. Tusiwacheke wenye kwenda huko. Katika mabasi yetu mtoto anayepakatwa halipiwi, nasi tumeona vijana wenye magoti ya futi mbili wakipakatwa na mama zao toka Mbarara hadi Kampala, utingo akitazama pembeni kwa huruma.

Hata hivyo twahitaji kuuliza punguzo lile lenyewe ni kitu gani, maana wajibu wa mpokeaji hutokana na aina ya kitu anachopokea. Je, ni zawadi, ni ujira, au ni biashara?

Wanaosema ni biashara wana ushahidi wa kutosha. Aingiaye kwa nusu bei hula kwa bei kamili, hununua kofia kwa bei kamili, na kampuni hujipatia sifa ya kuwapenda askari. Kikomo chenyewe chanuka hesabu za dukani: nani aliyeamua kwamba jamaa za askari ni sita? Bustani nyingine za huko Florida, zile za SeaWorld, zimekuwa zikimwingiza mwanajeshi aliye kazini bure mara moja kwa mwaka pamoja na wategemezi watatu, yaani wanne jumla. Basi kwa huyu familia ni sita na kwa yule ni wanne, wala hapakuwa na mwanafalsafa aliyeshauriwa. Lakini hata kama ni biashara tupu, biashara nayo ni mapatano, na mapatano huvunjwa kwa neno la hila hata kama mwenzako ni tajiri. Twaongeza kwamba utajiri wa anayedanganywa ni kisingizio ambacho hakina mwisho. Sote tu matajiri machoni pa mtu fulani.

Wanaosema ni zawadi ya shukrani hukutana na ugumu mwingine. Tangu mwaka 1973 Marekani haimlazimishi raia kuingia jeshini. Aingiaye huandikishwa kwa hiari na hulipwa mshahara. Kwa nini basi ashukuriwe yeye na asishukuriwe mkunga? (Mwalimu hatumtaji, tusije tukaonekana tunadai.) Na shukrani hiyo haimgawanyikii kila aliyetumikia. Askari aliyetumikia miaka minne, akaenda vitani, akaacha jeshi akiwa mzima, hayumo katika wenye haki ya tiketi hizo za Disney. Aliyekaa hadi kustaafu bila ya kuondoka kambini yumo. Aliyepata ulemavu kamili kwa ajili ya utumishi naye yumo, na hapo kila mtu atakubali. Lakini mpaka kwa jumla umepigwa na karatasi, haukupigwa na jasho.

Sisi twaelekea kuona kwamba ndani ya punguzo lile mna kitu cha aina ya tatu, yaani ujira usiolipwa kwa fedha, na kwamba hapo ndipo haki ya jamaa inapopata mguu wa kusimamia. Hili twalifundishwa na mambo mawili. La kwanza ni hoteli iitwayo Shades of Green, iliyo ndani ya eneo lile lile la Walt Disney World, ambayo tangu mwaka 1994 imekuwa mahali pa mapumziko ya wanajeshi na jamaa zao chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Huko bei ya chumba hufuata cheo, nayo hufuata kinyume cha desturi za dunia: askari wa chini hulipa kidogo, afisa hulipa zaidi. Huo si mtindo wa zawadi wala wa duka. Ni mtindo wa mwajiri anayejua kwamba mshahara wa huyu mdogo haukutosha.

La pili ni mama mkwe wa kijana wetu. Kijana alipopelekwa nje ya nchi miezi tisa, mkewe alikuwa akifanya kazi ya usiku hospitalini, na bibi huyo ndiye aliyewaamsha watoto watano, akawapeleka shule, akawapikia, na kuwaambia uongo mdogo kila simu ilipochelewa. Ukiuliza ni nani aliyelitumikia jeshi la Marekani miezi ile, hatuoni jinsi ya kumwacha nje. Lakini katika hesabu ya ofisi yeye si mtegemezi na si familia ya karibu. Hana hata tiketi moja. Huyo ndiye tungemtetea, kama utetezi ungekuwa na nafasi. Si kwa kumwita mama mzazi wa askari katika karatasi, bali kwa kusema waziwazi kwamba mpaka umepigwa vibaya. Mtu aweza kuuona mpaka kuwa na kasoro na bado asiuruke usiku.

Baada ya siku mbili tuliandika barua ya pili tukiifuta ile ya kwanza. Tulimwambia asijibu kwa neno "watoto" peke yake. Aeleze ni akina nani, mmoja mmoja, wanaishi wapi na kwa hati gani, kisha aliye mezani aamue. Twakiri tuliogopa kwamba angetuona wazee wenye kugeuka kama kinyonga.

Kumbe alikuwa amekwisha kwenda. Hakulitumia jibu letu la kwanza. Alisema lilimfurahisha sana lakini lilipofika kinywani kwa Kiingereza lilikataa kutoka. Alimweleza mhudumu habari yote, na huyo akamwuliza maswali mawili tu: watoto hao wa kaka wanalala wapi, na je, wamo katika karatasi zake za jeshi? Walikuwamo, mahakama ilikuwa imempa ulezi wao, naye aliwaandikisha kuwa wategemezi. Basi wakahesabiwa. Nyumba yake ikawa ya watu saba, akaongezewa tiketi moja juu ya sita. Watoto wa dada hawakuhesabiwa. Msomaji ataona kwamba mhudumu yule asiyejua neno moja la Kiswahili aliuweka ua pale pale lugha yetu ilipouweka, mtoto wa kaka ndani na mpwa nje, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Tumelicheka jambo hilo peke yetu mara nyingi.

Sasa walikuwa na tiketi saba za askari, na watu sita wa kulipa kama raia. Kijana aliona haya kwamba watoto wake wangeingia kwa nusu bei na wapwa zake kwa bei kamili, hali wamekua pamoja na hawajui tofauti. Alichofanya twakiona ni chema kuliko yote tuliyomwandikia. Alizijumlisha gharama za tiketi zote, za bei kubwa na za bei ndogo, akazigawa kwa idadi ya vichwa, kila nyumba ikalipa kwa kadiri ya vichwa vyake. Kwa hesabu hiyo nyumba yake ililipa zaidi ya ilivyopaswa, na nyumba ya dada yake pungufu. Mama mkwe naye akapata nafuu ambayo ofisi haikumpa. Upana wa jamaa yake aliulipia yeye mwenyewe, kutoka katika mfuko wake, badala ya kuulipisha lango. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, walisema wahenga, na huyu alikubali kuila hasara pia.

Tungependa kuishia hapo, lakini hesabu ile haikuwa ya watu 13. Ilikuwa ya 12. Mama yake mzazi alikataa kuingizwa.

Hapa twalazimika kusema jambo ambalo walimu wa Kiswahili wa Uganda hawahitaji kuelezwa. Kwetu, vazi la jeshi na kutolipa ni mambo yaliyowahi kuwa ndugu. Katika miaka ya 1970, askari wa Uganda aliyechukua ng'ombe, gari au mke wa mtu, aghalabu aliyachukua kwa Kiswahili, na ingawa lugha yetu ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1973, wazee wengi hawakusikia tangazo, walisikia amri za vizuizi vya barabarani. Tungali twafundisha chini ya kivuli hicho. Hata baada ya serikali kuamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe katika shule zote, bado hutokea bibi akamwuliza mjukuu wake kwa nini anajifunza lugha ya wanyang'anyi.

Mama wa kijana wetu aliyaona ya aina hiyo upande wa pili wa mpaka. Waliokuja nyumbani kwake walikuwa na sare, walichukua mbuzi na magunia ya maharage, na hawakulipa. Hakujali walikuwa wa upande gani. Hilo huwajali wanaohesabu vita kwa mbali. Mwanawe alipomweleza habari za tiketi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza bei ya mtu asiyekuwa na askari ni kiasi gani. Akaitoa. Alikuwa ameiweka kwa kazi ya kufua shuka katika hoteli. Alisema kwamba punguzo hilo si dhambi, na watoto waingie kwa amani, lakini yeye hataki apite mlango wowote kwa sababu ya sare. Wala hakutaka fedha yake itiwe katika chungu kimoja na nyingine, kwa kuwa akigawiwa nafuu ya wenzake atakuwa ameipata sare kwa mlango wa nyuma.

Kijana aliumia, na alituandikia hivyo. Alisema sare yake haikumchukulia mtu mbuzi. Ndiyo iliyomlipia mama huyo kodi ya nyumba miaka mitatu, na mbona kodi aliikubali? Swali lake la pili kwetu likawa hilo: je, mama alimkosea? Tumeandika majibu matatu ya swali hilo na hatujapeleka hata moja. Mara twaona kwamba mama alikuwa na haki ya kuwa na jambo moja maishani ambalo halikupitia mikononi mwa askari, hata askari aliyemzaa. Mara twamwona kijana langoni, akiwaonyesha walinzi kitambulisho alichokipata kwa jasho, na mama yake akipita mstari wa pembeni na kadi yake peke yake kama mgeni asiyemjua.

Alitupelekea picha. Katika bustani mojawapo ya zile nne, ile ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1998, pamejengwa mji wa bandia wa Afrika Mashariki, kuta zake zikiigiza Lamu, na vibao vyake vimeandikwa kwa Kiswahili. Mji huo waitwa Harambe, kwa e moja, kosa ambalo mkono wetu ulitaka kulitia wino mwekundu juu ya picha. Wote 13 wamesimama chini ya kibao. Watoto saba wamevaa fulana za rangi moja, hata huwezi kujua ni yupi aliyehesabiwa. Mama amesimama ukingoni, mpwa mdogo amemshika kanga. Kijana asema kwamba mama alitumia karibu saa nzima akiwasomea wajukuu vibao vile kwa sauti, akiwasahihishia matamshi, na kwamba walipomwita kwenda kupanda gari la kutazama simba alisema watangulie, bado ana ukuta mmoja wa kusoma.